Mende wa Plastiki

"Mama, hao mende ni wa kweli?" Mwanangu alikuta kipande cha Creepshow, filamu ya kutisha, kwenye simu yangu juzi. Nikaizima, nikamwambia akapige mswaki. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza kaka, na jibu lake nililiamini miaka mingi.

Kaka aliazima kanda kwa rafiki yake, akangoja wazazi watoke, akashusha mapazia mchana kweupe ili tupate giza la kutosha. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na George Romero kwa maandishi ya Stephen King, mwandishi wa hadithi za kutisha, ilitoka 1982. Sisi tuliipata ikiwa imeshachoka, picha zinarukaruka. Ina hadithi tano. Za mwanzo zilitupita tukicheka: mzee anafufuka kudai keki yake, mkulima (King mwenyewe, anavyojiachia utadhani hana aibu) anaota majani mwili mzima, mwigizaji Leslie Nielsen anamfukia mtu mchangani hadi shingoni na kuyaachia maji ya bahari kazi iliyobaki.

Ya nne ina sanduku la 1834 lililosahaulika chini ya ngazi za chuo, na ndani yake dude lenye manyoya na meno. Hapo kicheko kikaisha. Kaka akanigeukia kwa sauti ya ualimu: "Huyo usimfanyie mzaha. Wanyama wa namna hiyo wapo, wanafichwa tu."

Kisha ikaja ya tano. Tajiri Upson Pratt anaishi peke yake katika nyumba nyeupe pe, anaogopa uchafu kuliko kifo. Anaona mende mmoja, anamuua. Anatokea mwingine. Umeme unakatika, na ukirudi wako kila mahali. Anakimbilia kachumba kake ka kujifungia, nako wamemtangulia.

Kilichonikaa kichwani ni mwisho wake. Maiti iko kitandani, chumba kimekuwa safi tena, hamna mdudu hata mmoja. Kimya. Halafu kitu kinatembea chini ya ngozi, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mende anachungulia mdomoni, anachezesha ndevu zake. Anafuata wa pili. Kisha kifua kinapasuka, nao wanamwagika juu ya shuka nyeupe, wanaendelea kumwagika tu, na mimi nimejibana kwenye ubavu wa kaka nikiuliza kama ni wa kweli.

"Plastiki hao," akasema. "Wanavutwa kwa uzi."

Basi nikatulia. Kuhusu mende nililala vizuri kabisa. Dude la sandukuni ndilo nililolikagua chini ya kitanda hadi nilipoona haya kwa umri wangu.

Nikiwa mtu mzima nikasoma jinsi filamu ile ilivyotengenezwa, nikakuta kaka alikuwa amegeuza kila kitu. Dude lilikuwa kazi ya Tom Savini, fundi wa vipodozi vya filamu za kutisha: mtu amevalishwa vazi la manyoya, na wenyewe walilibatiza Fluffy, jina la kumpa paka wa mapajani. Mende ndio waliokuwa hai. Zaidi ya 20,000! Waliajiriwa wataalamu wawili wa wadudu kuwasimamia, na baadhi ya mende walifuatwa hadi Trinidad, kisiwa cha Karibiani. Kilichokuwa bandia ni ule mwili, uliotengenezwa ili wajazwe ndani. Penye picha za mbali, mende walipopungua, waliongezea karanga na zabibu kavu. Hilo lilinifariji kidogo, ingawa siku hizi nikiitazama nabaki kukodoa macho nikitafuta zabibu ni ipi.

Sijui kama ningependa kuambiwa ukweli siku ile. Pengine ningelala vibaya kwa sababu sahihi, na sioni faida yake.

Nilimpigia kaka kumshtaki. Nikamsomea yote, Trinidad na karanga. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa mimi ningejuaje? Nilifumba macho tangu umeme ulipokatika. Wewe uliuliza, nikajibu."

"Kwa hiyo mwisho hujawahi kuuona?"

"Bado. Kwani yule mzee alipona?"

Nikaanza kumsimulia kwa utaratibu, kitanda, shuka, ngozi inavyotembea. Sikufika kifuani. Akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni mlangoni.