Kilobaiti sita

Jinja, Jumapili usiku

Leo jioni, baada ya majuma matatu ya kufanya kazi usiku na mwishoni mwa juma, ukurasa wa Kiswahili nilioutengeneza kwa ajili ya wanafunzi wangu umekamilika kwenye intaneti, na unafunguka kwa yeyote mwenye kiungo chake. Ninaandika haya kabla kumbukumbu haijafifia, kwa sababu nilipotafuta kwa Kiswahili maelezo ya kumsaidia mtu anayetengeneza tovuti yake ya kwanza nilipata machache, na hayo machache yaliruka hatua zile zile nilizokwama.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza hapa Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Shuleni kwetu vitabu havitoshi, kwa hiyo kipindi kinapita wanafunzi wakinakili ubaoni, na kengele inalia kabla hawajazungumza hata sentensi moja. Nilitaka yale ya kunakili yawe mahali wanapoweza kuyasoma nyumbani katika simu ya mzazi, ili darasani tubaki na mazungumzo. Kwa muda nilituma picha za ubao kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, lakini zilizikwa chini ya salamu na matangazo, na kila mzazi aliyezipakua alilipia uzito wake. Bando si jambo dogo katika nyumba hizi, na tangu Julai 2021 bei yake imebeba pia ushuru wa asilimia 12. Nilijiwekea basi sharti moja kabla sijaandika neno: ukurasa uwe mwepesi kiasi kwamba mzazi asisite kuufungua.

Jambo ambalo kila anayeanza angefaa kuambiwa mapema ni kwamba ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi matupu. Nilikuwa nimeamini kwamba ninahitaji programu ya kununua na kompyuta yenye nguvu, kumbe Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo katika kompyuta kuukuu ya nyumbani inatosha. Unaandika maneno yako, unayazungushia alama zinazokieleza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kila sehemu ni nini, kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kupeleka kwingine, kisha unalihifadhi faili kwa jina la index.html. Ukilibofya mara mbili, linafunguka katika kivinjari bila intaneti yoyote. Nilipoona maneno yangu yamejipanga hivyo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeandika mistari isiyozidi kumi, nilikaa kimya nikiutazama ukurasa ule kwa muda mrefu.

Baadaye nilisoma kwamba ndivyo mtandao wa kurasa wenyewe, yaani World Wide Web, ulivyoanza. Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, aliupendekeza mwaka 1989, na tovuti ya kwanza iliyoonekana kwa watu wa nje mwaka 1991 ilikuwa maandishi na viungo, hakuna zaidi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa mfumo huo utumike na kila mtu bila malipo. Bila uamuzi huo sijui mwalimu wa Jinja angeanzia wapi.

Kilichonichukua siku tatu nzima ni ng'ombe. Sehemu kubwa ya ukurasa wangu ni orodha ya maneno yanayofanana kati ya Luganda na Kiswahili, kwa kuwa nimeona wanafunzi wanapata moyo wanapogundua kwamba lugha hii si ya mbali: omuntu na mtu, ekitabo na kitabu, ebitabo na vitabu, omwaka na mwaka, omwezi na mwezi. Nilikuwa nimeichapa orodha hiyo zamani katika programu ya kuandikia barua, nikainakili jinsi ilivyo. Ukurasa ulipofunguka, mahali pa ng'ombe paliandikwa ngâ€™ombe, na eŋŋoma, ambayo ni ngoma kwa Luganda, ikawa eÅ‹Å‹oma. Nilifuta nikaandika upya, nikabadilisha kivinjari, nikawasha na kuzima kompyuta, na uchafu ule ukabaki pale pale.

Sababu yake, nilipoielewa, ilinifundisha kuliko hatua nyingine zote. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na zipo taratibu mbalimbali za kuamua namba ipi ni ya herufi ipi. Faili langu lilihifadhiwa kwa utaratibu uitwao UTF-8, ambao una nafasi ya herufi za karibu lugha zote za dunia, lakini sikukitajia kivinjari jambo hilo, kikalisoma kwa utaratibu mwingine wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Ile programu ya barua nayo ilikuwa imeibadilisha ritifaa yangu iliyonyooka, ile alama iliyomo katika ng'ombe, ikaipinda bila kuniuliza, na ritifaa iliyopinda huchukua namba tatu badala ya moja, ndiyo maana zilitokea alama tatu za ajabu. Dawa yake ni kuandika charset="utf-8" katika alama ya meta, yaani alama ya kutoa taarifa kuhusu ukurasa wenyewe, juu kabisa mwa faili. Maelezo mengi huutaja mstari huo kwa haraka, labda kwa sababu mwandishi wa Kiingereza anaweza kuusahau na asione hasara kwa muda mrefu. Sisi tunaoandika ng'ombe, ng'oa na ng'ambo tunaiona hasara siku ile ile, na ninashauri uwe mstari wa kwanza kuufundisha kwa mwanafunzi yeyote wa kwetu.

Karibu na mstari huo niliongeza mingine miwili. Katika alama ya kwanza ya html niliandika lang="sw", yaani lugha ya ukurasa ni Kiswahili, ili hata programu zinazowasomea wasioona zijue zitumie matamshi gani. Mwingine ni ule wa viewport, unaoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wa kioo chake. Bila huo simu huchora ukurasa kana kwamba kioo ni cha kompyuta, kisha huupunguza mpaka maandishi yanakuwa madogo kama punje za ulezi.

Picha niliiacha. Nilikuwa nimeweka picha ya darasa juu ya ukurasa, na nilipoangalia uzito wake nikakuta ni megabaiti 4.2, wakati maandishi yangu yote yalikuwa kilobaiti 6. Picha moja ilikuwa nzito kama kurasa mia saba za aina ile. Najua ningeweza kuipunguza ukubwa ikashuka hadi chini ya kilobaiti mia, na mtu mwenye duka au nyumba ya wageni afanye hivyo bila wasiwasi, lakini kwangu lilikuwapo jambo lingine. Wale ni watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweka ridhaa ya mzazi au mlezi mbele ya taarifa za mtoto. Sikuwa nimemwuliza mzazi hata mmoja, na sikuona sura zao zingemsaidia nani kujifunza ngeli.

Faili likiwa tayari, linahitaji kukaa katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa inayomjibu kila anayeuliza. Ziko kampuni zinazotoza kwa mwaka, na unaweza kununua pia jina lako lenye mwisho wa .ug, au shule ikaomba lenye .sc.ug. Ninatamani siku moja tufike huko. Kwa sasa nimetumia GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni ambayo haitozi chochote, inatosha mno kwa ukurasa kama wangu, na humpa mtu anwani inayoishia na github.io. Nilifungua akaunti, nikaanzisha hifadhi, yaani folda ya mafaili katika GitHub, yenye jina la akaunti pamoja na mwisho huo, nikapakia mafaili yangu kupitia kivinjari, nikasubiri.

Ukurasa wa kwanza ulitokea, lakini kiungo cha kwenda ukurasa wa ngeli hakikufunguka, ingawa nyumbani kilikuwa kikifunguka vizuri. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kutafuta, na betri ya kompyuta yangu haidumu, kwa hiyo jibu lilisubiri hadi kesho yake. Faili nililiita Ngeli.html kwa herufi kubwa, na katika kiungo nikaandika ngeli.html kwa ndogo. Kompyuta yangu ya Windows huyahesabu majina hayo kuwa moja, ila seva huyaona kuwa mawili tofauti. Tangu hapo majina ya mafaili yangu yote ni herufi ndogo, bila nafasi kati ya maneno.

Wapo watakaouliza kwa nini sikutumia WordPress, ambayo humpa mtu tovuti nzima bila kuandika alama hata moja. Ni chombo kizuri kwa anayechapisha kila siku au anayefanya kazi na wenzake wengi, lakini huja na vitu vingi vinavyohitaji kusasishwa na kulindwa, na siku kikiharibika, anayeanza hajui hata pa kutazama. Faili langu nalijua mstari kwa mstari.

Saa kumi na mbili jioni nilivuka kwa mama jirani, ambaye mwanawe yuko kidato cha pili. Simu yake ni ndogo na kioo kina ufa, nami nilitaka kuona ukurasa katika simu kama hiyo hasa. Ulifunguka kabla sijamaliza kumweleza ni kitu gani. Alisoma orodha kwa sauti, omwaka, mwaka, omwezi, mwezi, akafika mwisho akauliza, "Mwalimu, na akatale mnaliitaje?"

"Soko, mama."

"Mbona hukuliandika? Maneno ya sokoni ndiyo ninayoyahitaji mimi. Wateja wengine wanatoka Kenya."

Sikuwa nimefikiria kwamba mzazi naye angekuwa msomaji. Nimerudi nyumbani nikalifungua faili tena, nikaanzisha kichwa kipya cha maneno ya sokoni, nikaweka soko, bei, mizani, chenji, deni na fungu. Nimelipakia sasa hivi. Mabadiliko huweza kuchukua hadi dakika kumi kabla hayajaonekana, na nimemwambia mama jirani asilale kwanza.