Askari wana sura, majina hawana

Watu wangu, leo nimekaa huku Dunga na simu nikipitia picha za kitambo za vita ya kwanza ya dunia, zile za 1914 mpaka 1918 za huku kwetu Afrika Mashariki, na hadi saa hii moyo umekataa kutulia. Maafisa wazungu waliotolewa mbali wakaletwa huku wamekaa kwa viti, chini ya picha wameandikwa jina na cheo. Sasa angalia nyuma yao. Askari wa King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wamesimama wima, bunduki begani, miguu mitupu, na hakuna jina hata moja!

Lakini wapagazi wa Carrier Corps ndio wananiumiza kabisa, laini ndefu ya wanaume na mizigo kichwani, na wengi walitolewa hapa Nyanza wakapelekwa hadi kule kwa Mjerumani, Tanzania ya leo, wakakutana na malaria, kuhara damu na njaa, yaani upande wa Waingereza wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa na wengi wao si kwa risasi, ni magonjwa. Shuleni Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani, tulimsoma vizuri sana, hawa je? Na vita yenyewe ilifika hapa karibu tu, Kisii, Septemba 1914.

Wenye mko na wazee huko Seme, Ugenya, Maragoli, tafadhali waulizeni kama kuna babu alichukuliwa akaenda, na kama kuna picha kwa sanduku ipigeni na simu, jina lake muandike hapo hapo.