Hank Aaron, mtoleeni homu rani zote muone kinachobaki

Huku kwetu Mombasa ukitaja besiboli mtu anakuuliza, ndo ile kriketi ya Wamarekani? Haya, gongo lipo na mpira upo, lakini mie kilichonivuta kule ni hesabu, manake wale jamaa wameandika takwimu za ligi zao tangu miaka ya 1870 na ukianza kuzichimba usiku, kulala hulali.

Sasa leo nataka Hank Aaron, yule mpigaji wa besiboli wa Marekani, naona watu wanamuonea sana. Ukimtaja utaambiwa homu rani 755 (homu rani ni pigo la kumzungusha mpigaji besi zote nne, vile vituo vya uwanjani), alafu wanamalizia kwamba Barry Bonds alimpita 2007 akaishia 762, basi stori imekwisha. Haijaisha! Aaron ana hiti 3,771, yaani mapigo yaliyomfikisha besi salama. Hebu chukua kalkuleta ya simu utoe zile homu rani 755 zote, jifanye hakuwahi kupiga hata moja. Zinabaki 3,016. Na hiti 3,000 ndo kipimo cha magwiji, kuna wengi tu wako kwenye ukumbi wa heshima na hawajazifikisha. Tena hana hata msimu mmoja wa homu rani 50, mwaka wake mkubwa ni 1971, alipiga 47. Yeye alikuwa mtu wa kila mwaka yupo, kila mwaka yupo.

Ila inayonimaliza kabisa ni hii ya besi. Hiti ya kukufikisha besi ya kwanza unahesabiwa 1, ya pili 2, ya tatu 3, homu rani 4. Jumlisha zote, Aaron ana 6,856 na anayemfuata ni Albert Pujols, 6,211. Tofauti 645. Toka besi moja mpaka nyingine ni mita 27 na kitu, piga mara 645 unapata kilomita 17 na ushee, yaani Pujols kasimama feri Likoni na mwenzake yuwakaribia Mtwapa. Wallahi hapo ndo nilipoelewa.



Na hayo yote Aaron kayafanya huku anaandikiwa barua za kumtishia maisha, kwa sababu ni mweusi na anaikaribia rekodi ya homu rani 714 ya Babe Ruth, mzungu. Tarehe 8 Aprili 1974, pale Atlanta, akapiga ya 715.

Aaron 1952 alikuwa Indianapolis Clowns, timu ya ligi za watu weusi, na waliomtangulia huko wengi hawakufunguliwa mlango wa ligi kuu kamwe. Josh Gibson, mpigaji wa ligi hizo, alifariki Januari 1947, Aprili ya mwaka huohuo Jackie Robinson akaingia ligi kuu, mweusi wa kwanza baada ya miaka zaidi ya 60. Mpaka 2024 ndo takwimu za zile ligi zikatiwa kwenye rekodi rasmi, na Gibson akatokea juu kabisa kwa wastani wa kupiga, .372, yaani hiti 372 kwa kila zamu 1,000 za kupiga, Ty Cobb aliyekuwa juu na .367 yake akashuka. Kuna wanaolalamika ati mechi za Gibson chache. Ni chache kweli, sasa nani aliyemzuia asicheze nyingi? Mie kwangu wa kwanza kwa wastani ni Gibson, anayetaka kubishana aje na namba.