Kama Nafsi Yako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku, saa nane, mama mkwe aliniita mara ya tatu akiomba maji. Tangu apate kiharusi mimi ndiye ninayemlisha na kumgeuza kitandani. Nilimpa kikombe huku namfokea. Mkono wake uliobaki na nguvu ukatetemeka, maji yakamwagikia shuka. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mgonjwa ndiye aliyeomba msamaha!

Nilikwenda jikoni nikalia. Amri naijua tangu Shule ya Jumapili: mpende jirani yako kama nafsi yako. Kumbe nafsi yenyewe nimeinyima usingizi miezi mitatu, nikidhani ndiyo sadaka.

Wabudha nao wana kisa cha mfalme Pasenadi wa Kosala, India ya kale. Alimwuliza malkia Mallika kama yuko anayempenda kuliko nafsi yake. Malkia akajibu hapana. Mfalme naye akakiri vivyo hivyo. Buddha alipoambiwa hakuwakemea. Alisema kila mtu huipenda nafsi yake, basi anayejipenda asimdhuru mwenzake. Wao hufundisha kwamba hakuna nafsi inayodumu, na hapo hatuko pamoja nao, maana sisi tumependwa kwanza, kwa majina yetu. Lakini neno lile lilinichoma: nimemdhuru mama kwa sababu nimejisahau.

Nikarudi kwa Msamaria, Luka 10. Alimfunga yule mtu majeraha, akamtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule. Siku ya pili akatoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni, "Mtunze huyu." Akaenda zake! Alikuwa na safari, na hakuona haya kumkabidhi mgonjwa kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naona haya. Nilitaka mnisifu kwamba sichoki.

Na ninyi, wapendwa, mnatusifu mno. Tukisinzia kwenye ibada mnasema dada huyu ana moyo, kisha mnapanda daladala mnakwenda nyumbani. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Alhamisi nilimpigia wifi simu. Alikuja na chupa ya uji, akanivua kanga ya kazi, akaniambia, "Wifi, nenda kalale." Jumapili hii mtazameni anayeuguza kwenye jumuiya yenu, mkamwambie hivyo hivyo, mkiwa tayari mmekunja mikono ya nguo.