Mradi wa Kihispania: nimefika kwenye imperfecto

Apdeti ya mradi wangu wa kujifunza Kihispania. Saizi niko kwenye imperfecto, ule wakati uliopita wa mambo yaliyokuwa yakiendelea au ya mazoea, na kwa upande wa maumbo hii ndo nyepesi kuliko zote nilizopitia, vitenzi vya -ar unaweka -aba (trabajaba), vya -er na -ir unaweka -ía (comía, vivía), vinavyokataa ni vitatu tu lugha nzima, ser (kuwa) inakuwa era, ir (kwenda) inakuwa iba, ver (kuona) inakuwa veía. Basi. Ila mimi na yeye zinafanana, trabajaba ni wote wawili, kwa hiyo pasipoeleweka taja yo au ella.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua kati yake na indefinido, ule wakati uliopita wa tukio lililokwisha. Sisi -li- yetu inabeba vyote, nikisema "nilipokuwa mdogo tuliishi Tanga" halafu "tuliishi Tanga miaka mitatu" kitenzi ni kilekile na hakuna anayeshtuka. Kihispania kinazitenganisha: cuando era niño vivíamos en Tanga, hapo ni hali tu, ilianza lini iliisha lini haijalishi, lakini vivimos tres años en Tanga umeshaifunga, miaka imetajwa, imeisha.

Kwa hiyo kipimo changu ni kuisema kwanza kwa Kiswahili na "ilikuwa ina-". Mvua ilikuwa inanyesha nilipofika, llovía cuando llegué, inakaa safi kabisa. Umri na saa nazo zinaingia humohumo, tenía diez años (nilikuwa na miaka kumi), eran las tres (ilikuwa saa tisa).

Sasa kuna hivi ambavyo nimevipenda sana aisee: sabía ni nilikuwa najua, supe ni nilipata habari. Conocía a Rosa, nilikuwa namfahamu, conocí a Rosa, ndo siku tuliyokutana. Yaani kitenzi kimoja, unabadilisha mwisho tu na stori inageuka.

Mazoezi nafanya kwa kuandika kuhusu kwa bibi, mi abuela vendía pescado (bibi alikuwa anauza samaki), mis tíos salían de noche (wajomba walikuwa wanatoka usiku), había muchos barcos (kulikuwa na vyombo vingi, na había haibadiliki hata vikiwa vingi), naandika weee mpaka nichoke, halafu ndo naingiza tukio moja, un día llegó una carta (siku moja ikafika barua), na hapo unaona wazi kabisa indefinido inavyosukuma hadithi mbele.

Inayofuata ni iba a comprar, nilikuwa naenda kununua, ile nia iliyokatizwa njiani.