Dhoruba ya mchana

Jumapili, saa nne usiku. Vidole bado vyeusi. Nimesugua kwa sabuni ya kipande mara mbili, makaa ya kuchorea yamebaki kwenye kucha, nami sina haraka ya kuyatoa.

Mchana nilipanda matatu ya 111 hadi Ngong, nikamalizia vilima kwa miguu. Mitambo ya upepo ilionekana myeupe sana mbele ya wingu ambalo kwetu Mwanza ningeliita jeusi, basi. Halikuwa jeusi. Tumbo lake lilikuwa la kijivu cha majivu mabichi, chini yake kijani cha shaba iliyoota kutu, na upande wa Bonde la Ufa mwanga mwembamba wa manjano.

Mwaka wa sita huu niko Nairobi, na ndiyo kwanza nauona mwanga huu.

Nimekulia ziwani. Kule dhoruba nyingi huumuka usiku: nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za pwani zote huelekea ziwani zikakutana katikati, wavuvi wa dagaa wakiwa huko huko. Mama alisimama mlangoni akihesabu taa za karabai. Usiku mmoja alihesabu mpaka alfajiri.

Kwa hiyo dhoruba zangu zote nimezichora usiku. Hapa jua huchemsha ardhi tangu asubuhi, mvua ya masika ikaanguka alasiri watu wote wakiiona, mimi bado nikipaka giza. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza mbona Nairobi yangu haina mchana. Nilimkasirikia. Alikuwa na haki.

Mzee mmoja mwenye kondoo alinipungia fimbo: "Mama, teremka! Mvua iko Kiserian saa hii." Niliomba dakika tano. Nikafinyanga kipande cha mkate kiwe kifutio, nikainua nacho makaa pale mvua ilipokuwa ikining'inia, weupe wa karatasi ukafunguka. Tone la kwanza likaangukia mchoro, juu ya kilele. Makaa yakakimbilia pembeni, pakabaki kiduara cheupe chenye ukingo mweusi. Sikukigusa. Radi ilipopiga nikateremka mbio.

Mchoraji Mwingereza John Constable, alipochora mawingu ya Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya michoro tarehe, saa na upepo. Nami nimeandika: saa tisa na robo, upepo wa mashariki, mchana.

Nimeupiga picha mchoro, nikamtumia mama. Akapiga simu, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hapa mvua inaonekana inakotoka."