Tom na Jerry katika televisheni ya betri

Katuni nyingi tulizotazama utotoni hapa Kisumu zilitutaka tujue Kiingereza, lugha ambayo wakati huo ilikuwa bado inatupiga chenga, lakini Tom na Jerry hawakumdai mtu lugha yoyote. Ndiyo maana nyumba nzima ilicheka kwa pamoja: sisi watoto tulioketi sakafuni, kijana aliyekuwa nje akizungusha mlingoti wa antena huku akiuliza kama picha imeshika, na hata nyanya, ambaye alijua Dholuo peke yake na aliyemshabikia Tom bila aibu, kwa hoja kwamba panya ni mwizi wa mahindi na paka amewekwa nyumbani kwa kazi hiyo.

Televisheni yenyewe, mali ya jirani, haikuwa ya rangi. Ilitumia betri ya gari, na chaji ilipokaribia kwisha picha ilinywea kutoka pembeni hadi Tom akabaki amekonda katikati ya kioo. Hapo wenye nyumba waliizima, ili angalau kisalie cha kutazamia taarifa ya habari ya saa moja. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Jerry ni wa rangi ya kahawia.

William Hanna na Joseph Barbera waliianzisha katuni hiyo mwaka 1940 katika studio ya MGM nchini Marekani, wakatengeneza filamu fupi 114 kufikia 1958, na 7 kati yake zikatwaa tuzo ya Oscar. Yale mayowe ya Tom anapoumia ni ya Hanna mwenyewe. Hata hivyo, sifa kubwa zaidi mimi humpa Scott Bradley, mtunzi wa muziki, kwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na maneno: paka akinyata, ala zinanyata naye, akianguka ngazini, kila kipandio kina sauti yake. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 1947, ambamo Tom, amevalia suti ya heshima, anapiga piano muziki wa Franz Liszt ilhali Jerry alikuwa amejilalia ndani ya piano hiyo hiyo. Vita vinapoanza Tom hawezi kuacha kupiga, maana ukumbi umejaa watu, basi uso unajikaza ubaki wa kistaarabu huku kidole kikinaswa na mtego wa panya uliopachikwa mahali pa kibonye.

Ziko nyingine 13, za 1961 na 1962, ambazo Gene Deitch alizitengeneza Prague. Hatukujua habari hizo utotoni, lakini tulizitambua mara moja kwa sauti zake zenye mwangwi kama wa tangi tupu, na kwa kipigo ambacho, badala ya kuchekesha, kilionekana kuuma kweli. Mwanangu huzitazama kwenye simu bila malalamiko yoyote, na jambo hilo bado tunabishania.